Uzi wa Mguu wa Chiriku

9 Februari

Dada yangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa "mimi ni mzima wa afya", basi mimi ni mzima wa afya. Goti la Baba linaendeleaje? Bado anaipiga redio makofi ndiyo iseme? Nisalimie wateja wako wote wa kusuka, hasa yule anayelia kabla hujamgusa.

Nimefikisha miezi saba katika nyumba hii. Ni ghorofa ya sita, vyumba vinne, na mimi nalala katika cha tano, ambacho wenyewe hukiita stoo. Juu ya kichwa changu kuna rafu tatu za sabuni, kwa hiyo hata nikilala nanukia usafi. Simu zetu, yangu na ya mpishi, bosi alizifungia kabatini siku tuliyofika. Tutazipata mkataba ukiisha. Ndiyo maana naandika. Kuna mama mmoja anayesafirisha vifurushi huko nyumbani kila baada ya wiki tano au sita, na barua anazipokea pia. Ni mwaminifu ila ana mdomo, usimwambie lolote.

Bosi ana binti wa miaka minne na nusu. Yeye na Chiriku wangu wamepishana siku kumi na moja tu. Juzi nikimvalisha viatu, niliupima mguu wake kwa kiganja: kisigino kwenye mkunjo wa mkono, vidole kwenye ncha ya kidole changu cha kati. Nikaushika kwa muda. Nikajiambia, basi na mguu wa mwanangu umefika hapa. Siku yangu ya mapumziko nikaenda kununua viatu vyekundu kwa kipimo cha kiganja hicho hicho. Vimo kwenye kifurushi. Mwambie, "Mama yako amekuletea." Kwa maneno hayo hayo, dada, usimwambie "vimetoka mbali". Halafu niandikie alivyofanya uso.

Usinicheke. Leo asubuhi nilikuwa nafuta uji uliokaukia shavuni mwa mtoto wa mwenzangu, nikakumbuka kwamba saa hiyo hiyo wewe unafuta wa kwangu. Nikakuonea wivu hadi kitambaa kikaniponyoka.

Mdogo wako


23 Machi

Mdogo wangu mwenye kalamu ndefu,

Salamu zako zimefika zimekunjamana, nimezipiga pasi nikazigawa. Baba hajambo. Goti lake siku hizi linatabiri mvua kuliko redio, na halitaki makofi. Yule mteja wa machozi bado analia, lakini sasa analia na huku anasimulia umbea, kwa hiyo namvumilia.

Viatu ni vikubwa! Chiriku alitumbukiza mguu akapiga hatua, kiatu kikabaki pale pale kikimsubiri. Huyo binti wa bosi wanamlisha nini? Umempima mtoto wako kwa mtoto wa watu, mdogo wangu, na wewe ndiye uliyesoma. Nikachana shuka kuukuu, nikamjazia kitambaa mbele, akatembea. Tena si kutembea, ni gwaride. Nilikuwa barazani na vichwa viwili vya kusuka, akapita mbele yetu mara saba. "Mama kaleta! Mama kaleta!"

Mteja mmoja akasema, "Jamani, mdogo wako ana moyo. Mbali kote huko na bado anamkumbuka mwanawe."

Mwingine akadakia, "Damu nzito kuliko maji."

Mimi nikakaza msuko.

"Taratibu wewe! Kichwa changu hicho!"

Amelala navyo. Asubuhi nilimuogesha, nikamlisha, nikamsuka, nikamtoa mwiba kidoleni. Hakupita mtu kusema nina moyo. Natania.

Ili tusirudie kosa, nimempima kwa uzi wangu wa kusukia, kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, nikaukata hapo hapo. Umo ndani ya barua. Na kwenye mguu wa meza ya jikoni nimekwaruza kwa kisu alama yenye urefu wa uzi huo, tuwe tunaona anavyokua.

Hujasema kama unakula. Vumilia, mdogo wangu. Mvumilivu hula mbivu.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Mimi ni mzima wa afya. Mwambie Baba nimeota anapiga kofi redio ikamjibu, "Mzee, na mimi naumia."

Uzi nimeufunga mkononi, chini ya mkono wa sare. Nikiosha vyombo unalowa, nikipiga pasi unakauka. Safari hii nimenunua viatu vya buluu kwa uzi huo, nikiutumbukiza ndani ya kiatu mbele ya muuzaji hadi akaniuliza kama nanunua kiatu au navua samaki.

Sasa nikuambie jambo. Wiki mbili zilizopita binti wa bosi alianguka kutoka kwenye kiti, sebuleni. Mama yake alikuwa karibu naye kuliko mimi. Akapiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akanyanyuka akilia, akampita mama yake kama anavyolipita kochi, akaja kujificha kwenye aproni yangu.

Sikumwita, dada. Nilikuwa na bakuli la vitunguu mkononi. Lakini sikumsukuma pia. Niliuweka mkono wangu wenye uzi wa Chiriku kichwani mwake, nikamwangalia bosi usoni. Mikono yake ilikuwa bado wazi. Aliishusha taratibu, akajifanya anaokota kitu kwenye zulia. Jioni hiyo akaniambia siku zangu za mapumziko zimesimama hadi atakaponiambia.

Nilipaswa kumchukia, na namchukia. Ila uso ule naujua. Nimeuvaa mimi tangu nilipoondoka nyumbani.

Watoto hukua. Nipimie uzi mwingine. Na uniambie ukweli: Chiriku anakuitaje siku hizi? Nilimwachia "mama mkubwa".

Mdogo wako


18 Juni

Mdogo wangu,

Sote hatujambo. Baba hajambo. Kazi ni nyingi, vidole vinauma, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Viatu vya buluu vimefika. Vimemtosha. Amezunguka navyo mtaa mzima kama umemtuma kampeni.

Umeuliza ananiitaje. Mtoto huita watu anavyotaka, siku moja ananiita hivi, siku nyingine vile. Hata Baba anaitwa naye Kobe, na Baba si kobe.

Kuhusu bosi wako, vumilia tu. Mtoto si wako, usimshindanie.

Uzi umo ndani. Chiriku anakusalimia.

Dada yako


30 Julai

Dada,

Mimi ni mzima wa afya. Baba je?

Nimezilaza nyuzi mbili juu ya meza ya kupigia pasi, wa Machi na wa Juni. Ni sawa. Sisemi zinakaribiana, zimelingana ncha kwa ncha. Nimezilowesha, nimezikausha, nimezinyoosha kwa pasi nikidhani mmoja umejikunja. Ni sawa. Katika muda huo huo binti wa bosi amebadilisha viatu mara mbili. Vile vya Februari nimevifunga mwenyewe kwenye boksi la kugawa.

Mtoto asiyekua ni mtoto mgonjwa. Au ni kitu kingine ambacho sitakiandika.

Nawajua nyinyi wa nyumbani. Mtu akiwa mbali anaambiwa "wote hatujambo" hadi siku atakaporudi, ndipo akalishwe kwenye kiti na kupewa maji kwanza. Wewe ulinifanyia hivyo. Nilikuwa bweni, nafanya mitihani ya mwisho, nikapata barua zako mbili: "Mama anakusalimia." "Mama anakusalimia sana." Nilipofika nyumbani na vitabu vyangu nikaambiwa alikuwa na siku kumi na tisa kaburini.

Na sasa unaniandikia "Chiriku anakusalimia".

Mapumziko bado sina. Nilimpa mpishi uzi wa Juni akaninunulia viatu vya njano, vimo kwenye kifurushi. Mpishi ni mtu mzima kuliko sisi, anaitwa na kila mtu kwa kazi yake tu, na ana macho ya kupekua. Anasema nimepungua. Nimemwambia ni joto la jiko. Nimeunguza shati moja, basi. Jana nilimwita binti wa bosi "Chiriku" naye akaitika.

Nipimie tena. Tafadhali mpime mwenyewe, mguu kwa mguu, na uniambie mwanangu ana nini.

Mdogo wako


14 Septemba

Wewe,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeiweka chini nisije nikaichana.

Umenikumbusha Mama. Haya, tumkumbuke. Alipougua, mmoja wetu ilibidi atoke shule abaki naye, na wewe ulikuwa na kichwa chepesi, basi nikatoka mimi. Alipofariki nilimuosha, nikapokea wageni, nikapika, halafu nikakaa chini nikakuandikia salamu za marehemu ili mkono wako usitetemeke kwenye mtihani. Haukutetemeka. Ulipata cheti. Mimi nilipata Baba na sufuria zake.

Chiriku mzima. Watoto wengine hukua polepole, huwezi kumvuta kama kamba ya kisima. Viatu vya njano vimemtosha. Uzi mwingine huo hapo, upime utakavyo.

Unaniuliza mtoto wako ana nini. Alipopata surua ni mimi niliyempaka dawa siku tisa. Alipoogopa radi alijificha kwangu. Ulizaa wewe, sikatai. Mimi Mungu hakunipa, na mume alinirudisha kwa Baba kama ndoo iliyotoboka. Lakini usinifundishe mtoto mgonjwa anavyofanana.

Una kazi, una cheti, una mtoto, na kila kifurushi kikifika mtaa mzima unaimba jina lako. Umebakiza nini cha kuninyang'anya? Hofu tu. Na hiyo pia umenitumia.

Vumilia kama wenzako wanavyovumilia.

Dada yako


1 Novemba

Dada,

Sitaanza na afya. Nilikudanganya katika barua zote, na ulipaswa kujua, kwa sababu uongo huo tulifundishwa pamoja.

Uzi wako wa tatu ulipofika ulikuwa sawa na zile mbili. Nilikuwa napiga pasi shati la mume wa bosi. Nilisimama na pasi mkononi hadi moshi ukatoka. Nilikuwa nauona, dada. Nilikuwa nauona vizuri tu, ila mkono haukuwa wangu. Chakula kilishageuka karatasi mdomoni tangu Juni. Nilikuwa nasikia bomba likivuja ndani ya stoo, na stoo haina bomba. Nilikuwa nazihesabu sabuni za kwenye rafu, nikimaliza naanza upya, kwa sababu nikiacha kuhesabu nilikuwa namwona Chiriku amelala na miguu yake imebaki vile vile.

Mpishi alinipokonya pasi. Akaniuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho kulala ni lini?" Nikamwambia sikumbuki. Hakunipa pole. Alikwenda kwa bosi akamwambia, "Huyu asipotoka siku ya mapumziko, na mimi natoka, na wageni wako wa wiki ijayo watakula sahani." Bosi akakubali.

Nyuma ya duka la fundi cherehani kuna chumba. Siku ya mapumziko wanakusanyika humo wanawake wa kazi kama sisi, kumi, siku nyingine kumi na tano. Mabosi wao wanadhani wanajifunza kushona. Na kweli kila mtu ana sindano, maana mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Anayetuongoza alifanya kazi za ndani miaka sita, akaja kusomea uuguzi. Wana sheria moja: ni marufuku kusema "vumilia". Ukisema, unashona vifungo vitatu vya fundi bila kuinua kichwa. Mpishi siku moja alishona kumi na viwili. Akasema, "Jamani, hilo neno ndiyo dini yangu!" Tulicheka hadi fundi akagonga ukuta.

Siku ya kwanza nilishona kimya. Ya pili nilizitoa nyuzi zako tatu nikazilaza mezani. Hakuna aliyenipa ushauri. Mmoja tu aliuliza, "Zimekatwa na mkono wa nani?" Nikazikusanya.

Muuguzi alinipeleka kliniki. Wameniambia huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una jina na una dawa, na si wazimu wala si udhaifu wa mtu. Nameza kidonge kila siku. Nimeanza kulala. Bomba limeacha kuvuja.

Sina hofu tena kama Chiriku yu hai. Usiniulize nimejuaje.

Usinitumie uzi mwingine. Mwambie Chiriku… hapana. Usimwambie kitu.

Mdogo wako


19 Novemba

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Barua hii sikungoja ifuatwe nyumbani. Mama wa vifurushi nimemfuata mwenyewe, nikamkuta anafunga mizigo, nikamwambia asubiri. Naandika kwenye goti, nimekalia marobota yake, na ananiuliza kila dakika, "Bado tu?" Unisamehe mwandiko.

Najua ulijuaje. Mwezi uliopita simu yangu iliita, namba ngeni. Nilikuwa jikoni na mikono ya unga. Chiriku akapokea. Nikamsikia anasema, "Ngoja nimwite mama." Nilipoishika ilikuwa imekatika. Nilijua ni wewe kabla hata sijaiweka sikioni. Na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisimama pale na unga kwenye simu, nikafurahi.

Lile "mkubwa" lilidondoka lenyewe, mwezi wa tano. Sikumfundisha. Lakini lilipodondoka sikuliokota.

Sasa nyuzi. Wa Machi ni wa kweli. Viatu vya buluu vilipofika vilimkaa kama vimeota mguuni, na akazunguka mtaani na lile "mama kaleta" lake. Akapita mbele yangu akiniita mama hapo hapo! Akasema, "Mama, ona viatu alivyoleta mama." Wateja wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilikuwa nimemfulia, nimemlisha, nimembeba mwaka mzima, na jozi moja ya viatu ikanifanya mgeni barazani kwangu mwenyewe. Nikasema, safari ijayo visimtoshe. Visiingie kabisa, avisahau.

Uzi wa Juni sikumpima. Niliupima kwenye ile alama ya mguu wa meza. Na wa Septemba pia. Vya njano havikupita hata kwenye vidole. Nimempa mtoto wa jirani, nikakuandikia vimemtosha. Nilidhani nachezea viatu. Sikujua ule uzi umeufunga mkononi. Nilivyosoma kwamba ulikuwa unaona miguu ya mwanao imebaki vile vile, nilikaa chini jikoni, nikaona meza ile na alama yake, nikaona ni mimi niliyekuwekea mtoto aliyekufa. Mara ya pili. Mama alikuwa amekufa nikakuandikia yu hai. Mwanao yu hai nikakuandikia amekufa.

Baba amenikuta nalia, nikamwambia yote. Unajua alivyo. Aliipiga redio kofi, akaizima. Akasema, "Mlete mtoto hapa." Akamshika mguu, na mimi nikanyoosha uzi. Umo ndani. Umepita ule wa kwanza kwa upana wa kidole kizima. Hesabu mwenyewe, mwanao amekua kama mgomba.

Sitakuambia uvumilie. Nitashona vifungo vyangu huku huku. Kama utataka mtoto akakae kwa mtu mwingine, sema, nitamfunga nguo zake mwenyewe.

Dada yako


28 Desemba

Dada,

Barua yako ina wiki mbili mkononi mwangu. Majibu matatu nimeyachana. La kwanza lilikuwa na maneno ambayo Mama angenipigia kofi. La pili lilikusamehe kwa ukurasa mzima, nikaona ni uongo wenye mwandiko mzuri. La tatu sikumbuki.

Kwanza habari. Nalala kwa saa sita bila kuamka. Nakula. Bosi juzi aliniona nafunga uzi mkononi, akauliza ni wa nini. Sijui kwa nini, nikamwambia ukweli: ni mguu wa mwanangu. Baadaye alikuja jikoni, akasimama karibu na friji kama mgeni, akaniuliza wimbo ninaomwimbia binti yake nikimuogesha unakwendaje. Nilitaka kuuficha, dada. Ni kitu pekee katika nyumba hii ambacho hakikuwa chake. Halafu nikamfundisha. Anaimba vibaya. Kesho yake niliwasikia wakiimba bafuni, na mimi nilikuwa nje ya mlango na taulo, nao wivu ukanirudia vile vile kana kwamba sikufundisha kwa hiari. Kumbe wema hauuondoi. Nilisimama nao tu, hadi mtoto akaita taulo.

Nikamwaza mtu aliyekuwa jikoni na unga kwenye simu, siku niliyoazima simu ya fundi.

Mimi si malaika. Vile viatu vya kwanza sikununua ili Chiriku asitembee peku, ana ndala na unamvalisha vizuri. Nilinunua ili mtaa mzima ujue ni wa nani. Nilitaka akipiga hatua kumi, zote ziseme mama yake ni mimi. Na nilichagua vyekundu ili uvione hata ukiwa umeinamia kichwa cha mtu.

Lakini ulichofanya ni kikubwa kuliko nilichofanya mimi, na sitaki tukisawazishe. Nimekasirika bado. Kuna siku nameza kidonge nikiwa nimekasirika. Muuguzi anasema si lazima niharakishe, hasira siyo mkate kwamba itaungua.

Chiriku hahami. Usimfungie nguo. Ukimfunga nguo nitakuja kwa miguu.

Wala usimlazimishe arudishe lile "mkubwa". Mkubwa ni wewe, hata asiposema. Ila kila siku, mkiwa mnakula, muonyeshe picha yangu umwambie, "Huyu naye." Maneno mawili hayo tu. Utaweza? Najua yatakuuma. Yakikuuma ujue na mimi yananiuma, hasa hilo "naye".

Uzi wako wa kweli nimeuona. Niliulaza juu ya zile nyingine mezani kwa fundi, wanawake kumi na wawili wakainama kutazama, mpishi akapiga kigelegele. Akasema, "Huyo mtoto atakuja kufagia dari!" Nililia mbele yao wote. Nyuzi tatu za zamani nimezitumia kushonea vifungo. Wako nimeufunga mkononi.

Mkataba unaisha Julai. Muuguzi amenipa hesabu ya mguu wa mtoto wa miaka hiyo unavyokua kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo nimenunua viatu vya kahawia, imara, vya siku nitakayosimama mlangoni. Vimo kwenye kifurushi. Sasa hivi ni vikubwa, na safari hii najua.

Umjazie kitambaa mbele, kama ulivyofanya mara ya kwanza. Kila mwezi upunguze kidogo.

Mdogo wako